Dawa ya Deni ni Kulipa: Ujira wa Mwezi wa Mwisho na Wajibu wa Wanakiswahili

Katika mishahara yote ambayo mfanyakazi hupokea maishani mwake, hakuna ulio mgumu kupatikana kama ule wa mwezi wa mwisho. Wa kwanza huja na bashasha. Wa katikati huja kwa mazoea, hata kama pengine huchelewa. Lakini pindi mfanyakazi anapoandika barua ya kujiuzulu, au anapoandikiwa ya kuachishwa kazi, ujira wa siku alizokwisha kuzitolea jasho hubadilika sura. Jana ulikuwa haki, leo umekuwa ombi. Mhasibu aliyezoea kumtania sasa humwambia arudi Ijumaa, na Ijumaa ikifika huambiwa kwamba mkurugenzi amesafiri na hundi haijatiwa sahihi. Wengi huenda mara mbili, wakaenda mara tatu, kisha nauli ikawashinda, wakamwachia Mungu.

Makala haya yanakusudia kutetea rai kwamba dhuluma hii, ijapokuwa mzizi wake ni tamaa na udhaifu wa usimamizi wa sheria, hupitia kwa kiasi kikubwa katika mlango wa lugha; na kwamba sisi tunaojiita wanakiswahili tumeuacha mlango huo wazi. Najua baadhi ya wasomaji watauliza jambo hili linahusiana vipi na jarida la chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Watasema hayo ni ya wanasheria na vyama vya wafanyakazi, nasi tubaki na vitenzi vyetu na bahari za mashairi. Naomba wasomaji hao wanivumilie kidogo, kwani msamiati wenyewe wa kazi katika lugha yetu unaonyesha kwamba mambo haya hayajawahi kutengana.

Tuanze na neno kibarua. Kila mmoja wetu analitumia, na wachache hujiuliza lilikotoka. Ni barua iliyotiwa kiambishi cha udogo. Katika miji ya pwani, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kwamba siku hiyo ameifanya, naye alikiwasilisha siku ya malipo ili apewe chake. Kwa kupita kwa wakati jina la kijikaratasi likahamia kwa mchukuzi wake, na kazi yenyewe nayo ikaitwa kibarua. Tazama basi hekima iliyofichika humo: wahenga wetu wa bandarini walijua kwamba kinachomtenganisha mfanyakazi na mwombaji ni karatasi. Leo tumebakia na neno, karatasi yenyewe tumeipoteza. Kibarua wa mjengo jijini Nairobi au Nakuru huingia kazini asubuhi na kutoka jioni bila hata kipande cha gazeti kinachosema alikuwapo.

Na tukitaja kipande, hapo pana historia nyingine, tena chungu. Chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika katika Kenya alilazimika kubeba hati ya usajili, aghalabu ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Humo yaliandikwa majina ya waajiri wake, aina ya kazi, ujira na tarehe za kuingia na kutoka. Bila sahihi ya mwajiri ya kumruhusu kuondoka, mfanyakazi alikuwa mashakani asiweze kuajiriwa kwingine. Karatasi ile ile ambayo katika kibarua ilimlinda mfanyakazi, katika kipande iligeuzwa kuwa pingu. Ndiyo maana nasema suala si kuwapo kwa karatasi tu. Swali ni hili: karatasi hiyo imeandikwa na nani, kwa lugha ya nani, na kwa manufaa ya nani?

Neno mshahara nalo asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa neno la lugha hiyo linalomaanisha mwezi. Mshahara ni haki inayozaliwa na mwezi uliokwisha, hauhitaji mwajiri aridhike wala afurahi. Mwezi ukiandama, deni limekamilika. Ujira na ajira navyo ni mtu na nduguye; yaani kwa mujibu wa lugha yenyewe hakuna ajira pasipo ujira. Mafundisho ya Kiislamu yanahimiza mtu alipwe kabla jasho lake halijakauka, na Torati nayo inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi kukicha. Jamii zilizoikuza lugha hii hazikuwa na shaka kuhusu jambo hili.

Fasihi yetu pia haikulinyamazia. Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, imejengwa juu ya maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mwaka mmoja kabla ya mgomo huo, Januari 1947, mji wa Mombasa ulikuwa umesimama kwa mgomo mkuu uliowahusisha wafanyakazi wa bandari, wa reli, wa hoteli na hata wa majumbani. Katika vyumba vyetu vya semina tunaichambua riwaya hii kwa nadharia za kila namna. Tunazungumzia uhakiki wa Kimarx, matabaka na unyonyaji, tukapata alama zetu. Lakini aghalabu tukishatoka nje ya ukumbi, hatumsalimii mfagizi wa ukumbi huo, sembuse kumwuliza kama kampuni iliyomwajiri ilimlipa alipohamishwa.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja. Kwa nini ujira wa mwisho ndio unaoporwa zaidi? Jibu ni jepesi. Mfanyakazi akiwa kazini, ana silaha moja, nayo ni kazi yake. Asipolipwa anaweza kulegeza mkono, kunung'unika mbele ya wenzake au kugoma. Akishaondoka, silaha hiyo imekwisha. Mwajiri hamhitaji tena. Isitoshe, mfanyakazi anamhitaji mwajiri kwa jambo jingine: anataka sifa njema atakapoulizwa na mwajiri mpya. Basi akawa amefungwa mikono yote miwili, mmoja kwa njaa na mwingine kwa hofu. Katika hali hii ndipo msemo wa wahenga wa kukopa harusi kulipa matanga unapotimia: siku ya kuajiriwa ilikuwa ya tabasamu, siku ya kudai ni ya nyuso zilizokunjwa.

Mimi binafsi, kabla ya kuja kusomea shahada ya uzamili, nilifundisha katika shule moja ya upili ya kibinafsi. Nilipopata nafasi ya masomo nilitoa notisi ya mwezi mzima kwa maandishi, nikasahihisha mitihani yote, nikarudisha vitabu na funguo. Mishahara ya miezi miwili ya mwisho haikulipwa. Niliambiwa kwamba wazazi hawajakamilisha karo, kana kwamba mimi ndimi niliyekubali kuwakopesha. Niliandika barua ya madai, nikaambatisha nakala ya mkataba na taarifa ya benki iliyoonyesha miezi niliyolipwa na ile ambayo sikulipwa, nikampelekea nakala afisa wa leba. Wiki kadhaa baada ya shule kuitwa katika ofisi hiyo, nililipwa.

Sisimulii haya ili nijisifu, kwani ushindi wangu ulikuwa wa mtu aliyesoma. Nasimulia kwa sababu ya mpishi wa shule hiyo hiyo, mama aliyeondolewa muhula uleule baada ya kupika pale kwa miaka kadhaa. Yeye alilipwa mkononi siku zote, akitia alama katika daftari ambalo halikuwa lake. Siku ya kuondoka alipewa nusu ya mshahara wa mwezi na karatasi ya Kiingereza ya kutia sahihi. Aliniletea nakala baadaye, akitaka kujua kama ni barua ya kumsifu. Ilikuwa na sentensi nne tu. Ilisema kwamba amepokea malipo yake kamili na ya mwisho, na kwamba hana dai lolote dhidi ya shule, sasa wala baadaye. Mama huyo husoma Biblia ya Kiswahili bila kusita. Laiti sentensi zile nne zingeandikwa kwa lugha hiyo, asingetia sahihi.

Hati za namna hiyo si mchezo. Mahakama ya Rufaa ya Kenya imeonyesha katika hukumu zake kwamba mfanyakazi aliyetia sahihi mapatano ya kuachana kwa hiari yake, huku akiyaelewa, anaweza kufungwa nayo. Aidha imeonyesha kwamba hati hiyo peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wote papo hapo. Ni lazima ichunguzwe jinsi ilivyopatikana. Kwa maneno mengine, swali linalomwamua mfanyakazi ni hili: je, alielewa? Nalo hilo, ndugu msomaji, ni swali la lugha kabla ya kuwa la sheria.

Wala sheria haikukosekana. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa katika mambo ya kazi, na kila mfanyakazi haki ya ujira unaostahili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Inasema kwamba hata aliyefutwa papo hapo kwa kosa halali alipwe fedha zote alizokuwa amekwisha kuzichuma hadi siku hiyo. Inaorodhesha makato ambayo mwajiri anaweza kuyafanya, na kuyawekea mpaka kwamba kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Inamtaka mwajiri ampe anayeondoka hati ya utumishi inayotaja kazi aliyofanya na tarehe zake, mradi amehudumu wiki nne au zaidi. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wake, si wa mfanyakazi. Kwa hiyo ile kauli tunayoisikia kila siku, ya kwamba huna mkataba basi huna dai, ni uongo uliovikwa joho.

Iwapo sheria ipo, kwa nini haimfikii mama mpishi? Hapa ndipo ninapotaka wanakiswahili wenzangu tutazame msamiati wetu bila upendeleo. Chukua istilahi kiinua mgongo. Ni neno tamu, lenye picha ya mtu aliyeinama kwa miaka mingi akipewa kitu cha kumnyoosha. Lakini katika magazeti, redioni na vinywani mwetu, neno hili limetandazwa juu ya kila kinacholipwa mtu anapoondoka kazini. Matokeo yake ni kwamba haki tano zilizo tofauti kabisa zimefunikwa kwa blanketi moja, tena blanketi lenye harufu ya zawadi.

Haki ya kwanza ni mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi. Huu hauna mjadala. Ya pili ni malipo ya likizo iliyostahiki na haikuchukuliwa. Sheria inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na anayeondoka kabla ya mwaka kutimia, maadamu amefanya miezi miwili au zaidi, huhesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliokamilisha. Aliyefanya miezi minane, basi, ana siku 14. Ya tatu ni malipo badala ya notisi, kwa aliyeachishwa bila kupewa muda. Kwa anayelipwa kwa mwezi, muda huo ni siku 28. Ya nne ni malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliohudumu, ambayo mahakama zimezoea kuyakadiria kwa siku 15 kwa mwaka, lakini hayamhusu aliyekuwa mwanachama wa Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii au wa mpango mwingine wa malipo ya uzeeni unaotambuliwa na sheria. Ya tano ni fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki, ambayo mahakama inaweza kuiamuru na ambayo haizidi mshahara wa miezi 12.

Mfanyakazi anayeyaita yote haya kiinua mgongo ataingia katika ofisi ya mwajiri akisema, "Naomba kiinua mgongo changu." Mwajiri naye atamjibu kwamba kampuni haina utaratibu wa kiinua mgongo. Yamkini atakuwa amesema kweli! Mkataba haukutaja bahashishi ya kuondoka. Mfanyakazi ataondoka ameinamisha kichwa, hali alikuwa na siku 18 za kazi na siku 14 za likizo ambazo hazina uhusiano wowote na ukarimu wa mtu. Amepoteza haki kwa kukosa jina lake. Tumezoea kusema kwamba jina si kitu. Katika madai ya ujira, jina ni nusu ya dai.

Kuna watakaopinga. Hoja yao ya kwanza ni kwamba waajiri nao hudhulumiwa. Kwamba wako wafanyakazi wanaotoroka bila notisi, wanaoondoka na vifaa, wanaoacha darasa la mtihani katikati ya muhula. Hoja hii ina uzito na sitaitia kapuni. Sheria yenyewe inamtaka anayeondoka bila notisi amlipe mwajiri ujira wa muda huo, na inaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa au kupotezwa kwa makusudi. Lakini mwajiri mwenye dai hupaswa kulitaja, kulihesabu na kulionyesha kwa maandishi. Kushikilia mshahara mzima kimyakimya kwa sababu ya kitabu kimoja kisichorudishwa si kudai haki, ni kujilipa mara kumi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Hoja ya pili ni ya baadhi ya wanataaluma wenzetu wanaosema kwamba lugha ya sheria ni Kiingereza na itabaki hivyo, kwa hiyo kazi ya istilahi ni kutwanga maji kinuni. Hawa nawajibu kwa ukweli mmoja. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inatamka kwamba lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, lakini katika mahakama za chini lugha ni Kiingereza au Kiswahili. Mwaka 2018 Jaji Mkuu alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba mahakimu waliotajwa waweze kusikiliza madai ya ajira ambapo mshahara wa mwezi hauzidi shilingi 80,000. Tafakari maana yake. Wapishi, walinzi, wahudumu wa hoteli, walimu wa shule ndogondogo, takribani wote wako chini ya kiasi hicho. Dai lao linaweza kusikilizwa katika mahakama ambayo Kiswahili si mgeni ndani yake. Mlango uko wazi kisheria. Kinachokosekana ni hati, fomu na barua za mfano katika lugha ambayo mdai anaweza kuisoma mwenyewe.

Hapa inafaa kumkumbusha msomaji njia iliyopo, kwa kuwa wengi wetu tutaihitaji au tutaulizwa na jamaa zetu. Mtu huanza kwa barua ya madai yenye tarehe, inayotaja kila deni kwa jina lake na kiasi chake, na kumpa mwajiri muda maalumu wa kulipa. Abaki na nakala. Akipuuzwa, aende katika ofisi ya leba ya kaunti yake, ambako afisa anaweza kumwita mwajiri na kujaribu kuwapatanisha. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama kina wajibu wa kumsemea; wafanyakazi wa majumbani, wa hoteli, wa hospitali na wale wasio walimu katika taasisi za elimu wana chama chao cha KUDHEIHA. Njia hizi zikishindikana, iko mahakama ya hakimu, na kwa madai makubwa zaidi iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kufuatia kifungu cha 162 cha Katiba. Mtu anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe.

Aangalie mambo mawili. Mosi, ile Mahakama ya Madai Madogo iliyoanza kazi mwaka 2021, na ambayo watu wengi huikimbilia kwa kuwa ni ya haraka, haisikilizi migogoro ya ajira. Sheria yake imeiondoa waziwazi. Pili, muda wa kushtaki chini ya Sheria ya Ajira ni miaka mitatu, wala si ile sita ya mikataba ya kawaida. Anayengoja mkurugenzi arudi kutoka safarini aihesabu miaka hiyo vizuri, maana safari nyingine hurefushwa makusudi.

Na kuhusu ushahidi, wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mfanyakazi asiye na mkataba anaweza kuwa na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya kila mwezi kutoka kwa namba ileile, ujumbe mfupi wa msimamizi unaomwagiza afike zamu, picha ya orodha ya zamu ukutani, kitambulisho cha kazi, sare. Hivi ndivyo vibarua vya siku hizi, kwa ile maana ya asili ya neno. Asivifute simuni kwa hasira siku anayoondoka.

Basi wajibu wetu ni upi? Napendekeza mambo manne, nayo hayahitaji ufadhili kutoka ng'ambo.

Kwanza, chama chetu kiunde kamati ndogo ya istilahi za kazi, ishirikiane na wanafunzi wa sheria, na izitenganishe haki zile tano kwa majina yasiyotatiza. Kiinua mgongo kibaki na maana yake ya shukrani. Mengine yapewe majina yanayosema kwamba ni deni. Binafsi napendelea kwamba neno stahiki litumike kwa jumla yake, kwa kuwa mtu hastahiki kwa hisani ya mwingine.

Pili, kamati hiyo iandae karatasi moja, narudia, moja tu, yenye barua ya mfano ya madai upande mmoja, na upande wa pili maelezo ya hati za malipo ya mwisho. Maelezo hayo yaseme bila kuzungukazunguka: usitie sahihi usichokielewa, omba nakala, andika kando ya sahihi yako kiasi ulichopokea na kile ambacho hukupokea. Karatasi hiyo isambazwe makanisani, misikitini, katika vituo vya matatu na kwenye vibanda vya chai vilivyo karibu na maeneo ya viwanda.

Tatu, idara zetu zitoe nafasi kwa mada hizi katika kozi za tafsiri. Mwanafunzi wa tafsiri hupewa dondoo za riwaya za Kiingereza mwaka baada ya mwaka. Akipewa mkataba wa ajira wa mlinzi, atajifunza uzito wa neno kuliko alivyowahi kujifunza, kwa maana akikosea hapo kuna mtu atakayekosa chakula.

Nne, na hili najua litawakera wengine, tuanzie nyumbani. Katika vyuo vyetu wamo wahadhiri wa muda ambao hufundisha muhula mzima, wakatunga mitihani na kusahihisha, kisha wakangoja malipo hadi wanafunzi waliowafundisha wakahitimu. Miongoni mwao wamo wanaotufundisha isimu na fasihi. Tunakaa mbele yao tukiandika tanbihi kuhusu unyonyaji katika tamthilia, na mnyonywaji amesimama ubaoni na chaki mkononi. Chama kinachoshindwa hata kuuliza, kwa adabu na kwa maandishi, walimu wake wanadaiwa au wanadai, kina haki gani ya kujiita sauti ya lugha ya umma?

Kila tarehe 7 Julai, tangu mwaka 2022, tumekuwa tukiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, baada ya UNESCO kuitangaza mwaka 2021. Tunavaa kanga na kanzu, tunaghani, tunasifu lugha iliyovuka mipaka. Katiba nayo, katika kifungu cha 7, imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi. Hadhi hiyo ni njema, lakini mfanyakazi hawezi kuipeleka dukani. Lugha rasmi huwa rasmi kwelikweli siku ambayo mama aliyepika kwa miaka anaweza kusoma karatasi inayomwondoa kazini, akainua macho, akasema: "Hapa mmesahau siku zangu za likizo," naye mwajiri akakosa pa kujificha.

Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu wapenzi, dawa ya deni ni kulipa. Waajiri wana deni lao, na sheria imekwisha kulitamka. Nasi tuna letu, kwani tumesomeshwa kwa kodi za watu hao, na lugha tunayopatia shahada ni yao kabla ya kuwa yetu. Mkutano mkuu wa chama ujao ungefaa uwe na ajenda moja ya ziada: kuteua kamati ya kuiandika karatasi ile.